Bunduki kongwe za uwindaji (Kenya)

Bunduki kongwe za uwindaji ni zile zilizotengenezwa Ulaya na Marekani, hasa kati ya miaka ya 1890 na 1950, zikaletwa Kenya kwa safari za uwindaji. Ukambani, kuanzia Kitui na mji wake wa Kabati hadi Makueni, tembo waliwindwa kwa uta na mishale ya sumu muda mrefu kabla ya bunduki hizo, na pembe zikapelekwa Mombasa kwa misafara.

Utambuzi

Ushahidi wa kuaminika zaidi umo kwenye chuma chenyewe. Sheria ya Uingereza ilidai kila mtutu ujaribiwe kwa baruti nzito kabla ya kuuzwa, kisha upigwe chapa. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji ni chapa ya Birmingham iliyotumika tangu 1813 hadi 1904. Herufi NP zilianza na kanuni za 1904: mtutu umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Chapa hizi hufichika chini ya mitutu, kwa hiyo bunduki hufunguliwa ndipo isomwe.

Kaliba nayo hutaja umri. Mtengenezaji bunduki Rigby alitoa kaliba ya .450 mwaka 1898. Serikali ya Uingereza ilipoizuia India na Sudani mwanzoni mwa karne ya 20, mafundi wakabuni .470 na nyinginezo. Kwa hiyo .470 haiwezi kuwa ya karne ya 19. Ya .416 Rigby ilitoka 1911, na .375 ya Holland & Holland 1912.

Namba ya bunduki hulinganishwa na daftari za mtengenezaji, ambamo limeandikwa jina la mnunuzi. Wabeba bunduki wa Kikamba, waliozisafisha na kuzishika pembeni mwa mwindaji, hawamo humo, na hilo ni pengo kubwa la historia.

Gobore

Bunduki ya kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Huthaminiwa kama kumbukumbu tu.

Thamani

Kinachopandisha bei ni uhalisi: kitako cha awali, nakshi zisizofifia, mtutu usiotobolewa upya, sanduku lake na karatasi zake. Jina la mmiliki huzidi yote. Bunduki ya .577 ya Westley Richards aliyokuwa nayo mwandishi Ernest Hemingway kwenye safari ya 1953–54 iliuzwa Marekani mwaka 2011 kwa zaidi ya dola 300,000. Isiyo na karatasi, hata ikiwa nzuri kiasi gani, hubaki chini sana. Anayeirithi asiisugue kwa msasa wala kuipaka rangi. Chapa ikifutika, ushahidi umekwisha.

Hali ya sasa

Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Umiliki wa bunduki unahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114.