Kutoka Uwanja wa Dansi Hadi Horini

Kila Krismasi kwaya yetu huimba "What Child Is This", na wengi hudhani tuni yake ilizaliwa kanisani. La hasha. Ni tuni ya mapenzi na ya dansi kutoka Uingereza, iitwayo Greensleeves, yaani mikono ya kijani ya vazi la bibi mmoja.

Mtunzi wake hajulikani. Husimuliwa kwamba ni Mfalme Henry wa Nane, lakini mfalme huyo alifariki mwaka 1547, na mtindo wa muziki huu, wenye asili ya Italia, ulifika Uingereza baada yake. Lenye hati ni hili: Septemba 1580, mchapishaji wa London, Richard Jones, aliandikisha wimbo wenye jina hilo. Katika maneno yaliyochapishwa mwaka 1584, mwanamume anamlalamikia bibi aliyemkataa licha ya zawadi zote alizompa.

Tuni ilienea upesi. Shakespeare, katika tamthilia yake ya *The Merry Wives of Windsor*, anamtaja mtu ambaye maneno na matendo yake hayapatani, kama vile Zaburi ya 100 isivyopatana na tuni ya Greensleeves. Watazamaji walicheka, maana kila mmoja alijua tuni hiyo si ya ibada.

Kisha wapiga fidla wakaichukua. Mwaka 1651 John Playford, muuza vitabu wa London, alianza kuchapisha kitabu cha dansi za vijijini, kikieleza hatua za wachezaji pamoja na tuni zake. Greensleeves imo katika toleo la 1686.

Mwaka 1865 William Chatterton Dix, ambaye hakuwa mchungaji bali meneja wa kampuni ya bima, aliandika shairi kuhusu Mtoto aliyelala horini. Mwaka 1871 H. R. Bramley na John Stainer wakalichapisha na tuni hii katika kitabu chao cha nyimbo za Krismasi. Tangu 1580 ilikuwa imepita miaka 291.

Tumeyaandika haya kwa sababu kwetu pia swali halijaisha: je, kayamba, isukuti na midundo ya ngoma za nyumbani vinafaa madhabahuni? Wazee wetu hawaulizi bure, kwa kuwa tuni hubeba kumbukumbu za mahali ilikochezwa. Hata hivyo, tuni tunayoiona takatifu kuliko zote wakati wa Krismasi iliwahi kutajwa jukwaani kama mfano wa kisichofaa kanisani. Kilichoibadilisha ni maneno mapya yenye imani, na waimbaji walioiimba kwa unyenyekevu mpaka watu wakasahau dansi.

Kazi hiyo ndiyo tuliyo nayo sisi wanakwaya: kuchagua maneno kwa uangalifu, kufanya mazoezi, na kuimba kwa moyo safi. Mungu aibariki Jubilii yetu.