Mbwa wa Kongo aliyekwenda Uingereza

Ndugu mfugaji wa Mbulu na Hanang, unayemdharau mbwa wa kienyeji, msikie basenji. Ni mbwa wa kuwindia kutoka Kongo, na jina lake ni ndugu wa neno letu "mshenzi". Mwaka 1937 alionyeshwa London, watu wakampenda. Lakini mbwa walioanzisha uzao huo Ulaya walikuwa wachache mno, hivyo ndugu wakapandana na ndugu.

Ukajitokeza ugonjwa wa kupungukiwa damu. Miaka ya 1970 wafugaji wakapima na kuacha kuzalisha kila aliyeubeba, hata aliyeonekana mzima. Nia njema, ila uzao ukazidi kuwa finyu. Kisha ukaenea ugonjwa wa figo uitwao Fanconi: sukari hupotelea kwenye mkojo, mbwa hunywa maji kupita kiasi na kukonda. Ubaya wake, mara nyingi huanza akiwa na miaka 4 hadi 8, ameshazaa!

Wenye mbwa wakawa wanapima sukari kwenye mkojo kwa karatasi ndogo, na waungwana wakataja hadharani wazazi wa mgonjwa, ingawa hilo huharibu soko. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi Kongo, wakati huo Zaire, kutafuta damu mpya vijijini. Kipimo cha vinasaba kilipatikana 2007.

Sasa beberu wako: amepanda binti zake? Badilishana na mfugaji wa mbali, wa Dongobesh na wa Katesh. Mtoto akizaliwa na kasoro, andika baba na mama yake, kisha mwambie ofisa mifugo kabla hujawapeleka mnadani.