Boma la Kaya na Jirani wa Injili

Anayeingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo katika pwani ya kusini ya Kenya, hujifunga nguo nyeusi kiunoni, awe mtalii aliyetoka hoteli za Diani au mwanakijiji wa karibu, na akitoka hachukui hata jani. Msitu wenyewe ni hekta 30 hivi, umezungukwa na viwanja vya watu binafsi. Kwenye viwanja, kila mtu na chake. Msituni mti si wa mzee anayeulinda wala wa mwanawe. Waliozikwa humo wana haki yao, na wasiozaliwa bado wana yao. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, lakini Wadigo, ambao ni miongoni mwa Mijikenda hao, walikuwa wakiishika miiko hiyo kabla UNESCO haijakuwapo.

Mkristo si mgeni wa fikra hiyo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba waumini ni mwili mmoja. Tunaupenda mfano huo, tukasahau ugomvi ulioutangulia: kwenye meza ya Bwana wenye mali walitangulia kula na kulewa, maskini wakabaki na njaa. Ndipo akafundisha kwamba kiungo kinachodhaniwa dhaifu ndicho kisichoweza kukosekana. Waislamu, ambao ndio wengi Kinondo, wanayo hadithi ya Mtume yenye mfano huo huo: kiungo kimoja kikiumwa, mwili mzima hukesha kwa homa. Dhidi ya ubinafsi, basi, kaya, msikiti na kanisa vinasema jambo moja.

Swali gumu ni hili: mwili huo unaishia wapi?

Kaya za kale zilikuwa vijiji vyenye boma na malango ndani ya msitu, kimbilio la kujikinga na adui. Umoja wao ulikuwa wa walio ndani, na umoja wa namna hiyo mwanasiasa anaweza kuugeuza silaha. Usiku wa 13 Agosti 1997, vijana walioapishwa, waliokuwa na kambi katika msitu wa Kaya Bombo, walivamia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawageukia majirani zao waliotoka bara: Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Maelfu walikimbia makwao, na wengi wakajihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi ulikuwa Desemba mwaka huo. Malalamiko ya wenyeji kuhusu ardhi yalikuwa ya kweli, lakini mchuuzi na fundi waliokatwa mapanga si wao waliogawiana ardhi ya ufuoni. Ubinafsi wa kundi ni ubinafsi ule ule, ila umepata watu wengi wa kuubeba.

Nasi Wakristo tuna boma letu. Makanisa mengi ya pwani ya kusini yamejaa watu wa bara, na Mdigo apitaye nje haoni dalili kwamba anangojwa. Hata mwili wa Paulo, kama ule wa hadithi, kwanza ni wa waumini. Kinachovunja boma ni Luka sura ya 10. Mwanasheria anataka kujua jirani yake ni nani. Yesu anamsimulia mtu aliyeachwa nusu mfu njiani, akaokolewa na Msamaria, mtu wa taifa ambalo Wayahudi walilidharau. Papa Fransisko aliitumia hadithi hiyo mwaka 2020 katika waraka wake Fratelli tutti, akiupinga ubinafsi pamoja na utaifa uliojifungia. Sisi huisoma tukijiona Msamaria. Mimi naamini Mkristo wa bara anayeishi Kinondo anapaswa kuisoma pia akiwa yule majeruhi, anayepokewa na Mdigo Mwislamu katika ardhi ya wazee wake, na asione aibu kumhitaji.

Kaya imetangulia kufungua lango lake kwa wageni. Kwa hiyo, Wakristo wenzangu wa Diani na Msambweni, dai la Mdigo asiye na hati ya shamba alilozaliwa litajwe katika sala zetu za Jumapili, na siku ya baraza la ardhi tuketi upande wake.