Kanisa la wageni, kuba ya wenyeji: Wagiriki, reli na Waorthodoksi wa Kagera

Muulize mtoto wa Ntobeye kanisa kuu ni nini, hatahangaika kukujibu. Kama ni wa kwa Waanglikana atakuonyesha upande wa Murgwanza. Kama ni Mkatoliki atakutajia Rulenge. Akitembea mpaka Bukoba ataongeza na la Walutheri. Lakini ndani ya mkoa huuhuu wa Kagera wapo Wakristo wengine ambao hatuwazungumzii sana. Padri wao anaweza kuwa na mke na watoto, mradi alioa kabla ya kupewa daraja. Kiongozi wao mkuu hayuko Roma wala Canterbury, yuko Alexandria, Misri. Hao ni Waorthodoksi.

Walifikaje huku? Jibu jepesi ni kwamba waliletwa na Wagiriki. Jibu hilo ni nusu ya ukweli tu, na nusu iliyobaki ndiyo tamu zaidi.

Tuanze na reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kaskazini kutoka Tanga mwaka 1893, na ilifika Moshi mwaka 1911. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kazi ya namna hii haikufanywa na Wajerumani na vibarua wa Kiafrika peke yao. Katikati walikuwepo wakandarasi wadogo na wasimamizi kutoka nchi nyingine, na Wagiriki walikuwa wengi miongoni mwao. Reli ilipokwisha, baadhi yao hawakuondoka. Wakachukua ardhi: mkonge Tanga na Morogoro, kahawa Moshi na Arusha, na baadaye tumbaku Iringa.

Mtu akishakaa, akioa, akizaa na kuzika, anahitaji kanisa. Hapa kuna tofauti ambayo ni muhimu tuishike mapema. Mmisionari anajenga kanisa kwa ajili yako wewe unayemkuta. Mhamiaji anajenga kwa ajili yake mwenyewe, ili mtoto wake abatizwe kwa lugha ya bibi yake. Makanisa ya Wagiriki wa Tanganyika na Kenya yalikuwa ya aina hii ya pili. Hayakuwa na uadui na mtu, ila mwenyeji hakuwa kwenye hesabu.

Mambo haya si ya Afrika Mashariki tu. London, mtaa wa Bayswater, lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Sofia. Wafanyabiashara wa Kigiriki, wengi wao wenye asili ya kisiwa cha Chios, walimpa kazi mchoraji majengo Mwingereza, John Oldrid Scott, na jengo likakamilika mwaka 1879. Likawa kanisa kuu mwaka 1922. Kwa nje ni matofali ya kawaida ya London. Ukiingia ndani unakutana na kuba, mozaiki na marumaru, kama vile umeshushwa Konstantinopoli. Wahamiaji wengi hujenga hivyo: nje unafanana na majirani, ndani uko kwenu.

Sasa hebu tuingie ndani. Kanisa la Kiorthodoksi kwa desturi linatazama mashariki, jua linakochomoza. Kuna ukumbi wa kuingilia, kisha sehemu ya waumini, kisha ukuta wa picha takatifu unaotenganisha waumini na madhabahu. Ukuta huo una milango mitatu, na ule wa katikati hupitwa na wenye daraja tu wakati wa ibada. Juu ya kichwa chako, pale katikati, ndipo inapokaa kuba, na kwenye tumbo la kuba huchorwa Kristo akitazama chini. Jengo zima linasomeka: sakafu ni dunia, kuba ni mbingu.

Lakini kuba ina tatizo la hesabu. Chukua nusu ya chungwa uliweke juu ya boksi la mraba. Pembe nne zinabaki wazi, chungwa halina cha kukalia pale. Wajenzi wa Hagia Sofia huko Konstantinopoli, kati ya mwaka 532 na 537, walilitatua kwa kujaza kila pembe na pembetatu iliyopinda, inayoanzia juu ya nguzo na kufunguka kadiri inavyopanda, mpaka zote nne zikutane na kufanya duara. Kuba ya upana wa mita 31 hivi ikakaa juu ya mraba. Mwaka 558, baada ya matetemeko ya ardhi, ikaanguka. Wakaijenga tena ikiwa imeinuka zaidi, kwa sababu kuba iliyolala sana inasukuma kuta kwenda nje kwa nguvu kubwa.

Msukumo huo wa kwenda nje ndio adui wa kila kuba. Na hapa Mhaya anaweza kunyoosha mkono darasani. Nyumba ya msonge, ile ya nyasi inayoanzia chini mpaka kileleni bila kutenganisha ukuta na paa, inapambana na jambo hilohilo. Ukitazama kwa ndani utaona pete za fito au matete zilizofungwa moja juu ya nyingine, kuzunguka nyumba yote. Pete zinazuia fito zisitawanyike, kama ukanda unavyoshika suruali. Kuba ya Mtakatifu Petro huko Roma ilipopata nyufa, wataalamu wa miaka ya 1740 waliifunga kwa pete za chuma. Kanuni ni ileile. Tofauti ni kwamba msonge unakaa duara juu ya duara, hivyo mjenzi wake hakuwahi kusumbuliwa na zile pembe nne.

Turudi kwenye historia. Kati ya mapadri waliokuja kuwahudumia Wagiriki wa Tanganyika, mmoja hakuridhika kuhudumia Wagiriki peke yao. Jina lake ni Nikodemos Sarikas. Alitokea Johannesburg, akafika huku kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na alitaka imani yake iwafikie Waafrika. Wagiriki wenzake wengi hawakuwa na hamu na jambo hilo.

Wakati huohuo, Uganda, kijana mmoja wa Kiganda aliyelelewa katika Uanglikana alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Reuben Spartas Mukasa alisoma Budo, akatumikia jeshi la King's African Rifles, na kupitia gazeti la Marcus Garvey akasikia habari za kanisa la watu weusi huko Marekani lililojiita la Kiorthodoksi. Alichotaka ni kanisa ambalo Mwafrika hatafanywa mtoto ndani yake. Mwaka 1929 akatangaza kwamba amejitenga. Mwaka 1932 yeye na mwenzake Obadiah Basajjakitalo wakapewa upadri na askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini.

Kisha likatokea jambo dogo lililobadilisha kila kitu. Mgiriki mmoja aliyekuwa akiishi Uganda alimwita Spartas ambatizie mtoto. Alipoitazama ibada akaona si ile anayoijua. Akamwambia wazi: huu si Uorthodoksi wa kwetu, kamuulize Sarikas kule Tanganyika. Spartas angeweza kukasirika. Hakukasirika, aliuliza. Sarikas akaenda Uganda, mawasiliano na Alexandria yakafunguliwa, na mwaka 1946 Patriaki wa Alexandria akawatambua rasmi Waorthodoksi wa Uganda.

Ona mambo yalivyopishana. Wagiriki walikuwa na kanisa, lakini hawakuwa na mpango na Waafrika. Spartas alikuwa na Waafrika, lakini ibada yake ilikuwa na walakini. Walihitajiana, na waliokutanisha pande hizo mbili ni baba mmoja mwenye mtoto wa kubatiza na padri mmoja asiyeelewana sana na waumini wake.

Kenya njia ilikuwa ngumu zaidi. Waorthodoksi wa Kikuyu walikuwa na uhusiano na shule za kujitegemea, na baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni iliyafunga makanisa yao. Wakati huo Wagiriki wa Nairobi waliendelea kusali kama kawaida. Kanisa lao la Valley Road, ambalo leo ni kanisa kuu, linaitwa la Watakatifu Anargiri, yaani Kosma na Damiano, waganga waliotibu bila kupokea malipo. Imani moja, mji mmoja, lakini hali mbili tofauti kabisa.

Mwaka 1958 Alexandria iliunda jimbo kwa ajili ya Afrika Mashariki na kuliita Irinoupolis. Wapenzi wa lugha mtafurahi: kwa Kigiriki "irini" ni amani na "polis" ni mji. Ni Dar es Salaam iliyotafsiriwa! Kiongozi wake, Nikolaos, alichaguliwa kuwa Patriaki mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Spartas mwenyewe akawa askofu, pamoja na Mganda mwenzake Theodoros Nankyamas na Mkenya George Gathuna.

Lakini wenye mashamba walikuwa wanaondoka. Bei ya mkonge ilishuka nyuzi za viwandani ziliposhika soko, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya jumuiya moja tu lingekufa pale jumuiya inapofunga mizigo. Halikufa, kwa sababu kulikuwa na mlango mwingine uliokwisha kufunguliwa, nao haukuwa Tanga wala Arusha. Ulikuwa kaskazini ya Kagera, kwa majirani zetu wa Uganda. Imani ilivuka mpaka na watu wanaoelewana lugha na kuoleana. Bukoba ikapata askofu wake, Mganda Jeronymos Muzeeyi, na baadaye kiti kikahamia Mwanza.

Na neno "kiti" hapa si la mapambo. Kanisa kuu si lazima liwe kubwa. Linaitwa kuu kwa sababu ndani yake kuna kiti cha askofu, basi. Kuba inaweza kuwa ndogo, paa linaweza kuwa la bati.

Sisi wa Ngara tunajua habari ya wageni kuliko wengi. Mwaka 1994 tuliona watu robo milioni hivi wakivuka Rusumo ndani ya saa 24 tu. Wengi walirudi, wengine waliacha makaburi, visima na miti. Kwa hiyo swali la jengo linabaki la nani mgeni akiondoka si geni kwetu. Historia ya Waorthodoksi inatoa jibu moja: linabaki la yule aliyeingia ndani na kuanza kusali kwa lugha yake, hata kama siku lilipojengwa hakuna aliyemfikiria.