Utambaji wa Ngano za Walao Ughaibuni

Utambaji wa ngano za Walao ughaibuni ni upokezanaji wa masimulizi ya jadi ya Laos, yaani ngano, visa vya Buddha, habari za mizimu na tenzi za mashujaa, miongoni mwa familia zilizoikimbia nchi hiyo kuanzia mwaka 1975 na vizazi vyao vilivyozaliwa Marekani, Ufaransa, Kanada na Australia. Kwa Kilao ngano huitwa nithan. Visa mashuhuri vimekwisha kuchapishwa na vingi vimetafsiriwa, kwa hiyo si rahisi vipotee. Kinachopungua ni hafla zilizokuwa zikiviita visa hivyo visimuliwe, pamoja na sauti za waliojua kuvisimulia.

Fanani na hadhira nchini Laos

Katika kijiji cha Laos masimulizi yalikuwa na majira na mahali pake. Bibi alitamba nithan jioni, watoto wakimzunguka. Msibani watu walikesha wakisomewa hekaya ndefu kutoka miswada ya majani makavu ya mti wa jamii ya mnazi, ambayo maandishi yake huchongwa kwa ncha ya chuma kisha hupakwa masizi ili yasomeke. Kwenye sikukuu ya Boun Pha Vet watawa wa Kibuddha walisoma kwa siku moja sura zote 13 za kisa cha Vessantara, mwana wa mfalme aliyegawa kila alichonacho hata akawatoa wanawe na mkewe. Katika sherehe za mavuno na arusi alialikwa molam, malenga anayeimba kwa kupokezana na mwenzake huku akipigiwa khaen, ala ya mianzi ambayo aina yake iliyoenea ina mirija 16. UNESCO iliingiza muziki wa khaen katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2017.

Utendi mkuu ni Sang Sinxay, unaohusishwa na mtunzi Pangkham wa enzi ya ufalme wa Lan Xang. Shangazi wa Sinxay ametekwa na zimwi na kupelekwa mbali, na Sinxay, aliyezaliwa na upinde na upanga, anafunga safari kumrudisha pamoja na ndugu zake wawili wa ajabu, mmoja konokono na mwingine mwenye kichwa cha tembo. Ndugu zake wengine sita, waoga, wanamsukuma kwenye genge ili wajitwalie sifa. Mwanazuoni Maha Sila Viravong ndiye aliyeutoa utendi huu kwenye miswada na kuuchapisha katika karne ya 20. Si ajabu kisa cha jamaa aliyechukuliwa ng'ambo na kutafutwa hadi akapatikana kikawagusa watu waliotawanywa na vita.

Mjanja wa ngano za Kilao ni Xieng Mieng, anayemshinda mfalme kila mara. Siku moja mfalme, akiwa kando ya bwawa, alimwambia: huwezi kunihadaa nikaingia majini. Xieng Mieng akakiri kwa unyenyekevu kwamba kweli hawezi. Ila bwana wangu ungekuwa ndani, hapo ningeweza kukufanya utoke. Mfalme akajitosa ili amwumbue. Xieng Mieng akaketi ukingoni, akamwambia atoke au abaki, vyovyote apendavyo, maana majini ameshaingia. Kisa hiki kifupi, chenye mabishano na ushindi wa mnyonge, kimesafiri vizuri kuliko vyote. Hakihitaji ala wala hekalu, na mtoto anacheka hata kikisimuliwa kwa Kiingereza.

Kutawanyika

Tarehe 2 Desemba 1975 ufalme wa Laos uliondolewa na chama cha kikomunisti kikashika dola. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya vita: kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani zilidondosha nchini humo zaidi ya tani milioni 2 za mabomu. Takriban mtu mmoja kati ya kumi alikimbia, wengi wakivuka mto Mekong usiku kuingia Thailand na kukaa katika kambi kama Nong Khai, Na Pho na Ban Vinai. Kambini Ban Vinai, wanawake wa kabila la Hmong, ambao wana lugha na masimulizi yao wenyewe, walianza kudarizi vitambaa vyenye picha za vijiji, vita na kuvuka mto. Darizi zao za kale zilikuwa za nakshi tupu. Kitambaa cha masimulizi ni sanaa iliyozaliwa ukimbizini, na inafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba uhamiaji hufanya kazi ya kufuta tu.

Serikali ya Marekani iliwasambaza wakimbizi katika majimbo mengi ili mzigo usielemee mahali pamoja. Kwa utambaji hili lilikuwa pigo zito: familia moja katika mji wa baridi, pasipo hekalu, pasipo molam, mara nyingine pasipo bibi, kwa kuwa wazee wengi walibaki nyuma. Baadaye familia zilihama tena zenyewe zikakaribiana huko Fresno, Sacramento, Minneapolis na kwingineko. Katika sensa ya 2010 Wamarekani zaidi ya 230,000 walijiandikisha kuwa na asili ya Lao.

Mwaka mpya na kichwa cha Kabinlaphom

Panapokuwa na watu wa kutosha, jambo la kwanza hujengwa hekalu, na hekalu hurudisha kalenda. Karibu na New Iberia, Louisiana, Walao walijenga mtaa walioupa jina la Lanxang pamoja na hekalu la Wat Thammarattanaram, nao husherehekea mwaka mpya wikendi ya Pasaka, kwa sababu hiyo ndiyo likizo inayokaribiana na Aprili 14 hadi 16.

Mwaka mpya una kisa chake. Kabinlaphom, mungu mwenye nyuso nne, alimtega kijana Thammaban aliyejua lugha ya ndege: fahari ya binadamu hukaa wapi asubuhi, mchana na jioni? Akishindwa ndani ya siku saba, kichwa chake ni halali ya Kabinlaphom. Akiweza, Kabinlaphom atatoa chake. Siku ya sita kijana alijilaza chini ya mti akiwa amekata tamaa, akasikia tai juu yake wakizungumzia mlo wa kesho, mzoga wake mwenyewe. Kinda akauliza jibu la kitendawili, mama akalitoa: asubuhi fahari iko usoni, ndiyo maana watu hunawa uso, mchana iko kifuani, hujinyunyizia maji, jioni iko miguuni, huosha miguu kabla ya kulala. Kichwa cha Kabinlaphom kikakatwa. Lakini kikigusa ardhi dunia itaungua, kikitupwa angani mvua itakatika, kikitumbukizwa baharini bahari itakauka. Basi binti zake saba hupokezana kukibeba kila mwaka, na zamu hufuata siku ya juma ambayo mwaka umeangukia. Binti wa zamu ndiye Nang Sangkhan.

Ughaibuni jumuiya nyingi huchagua msichana wa kuwa Nang Sangkhan katika maandamano ya sikukuu. Wapo wanaolalamika kwamba yamegeuka mashindano ya urembo. Lawama hiyo naiona nyepesi. Msichana aliyezaliwa Marekani, asiyesoma herufi za Kilao, anavalishwa sinh, yaani sketi ndefu ya hariri iliyofumwa, na lazima mtu amweleze yeye ni nani, amebeba nini na kwa nini hapaswi kukidondosha. Kwa siku hiyo yumo ndani ya kisa, na wadogo zake wanaomtazama watauliza. Hakuna kitabu cha watoto kinachofanya kazi hiyo kwa nguvu ileile.

Lisilotafsirika

Kilao ni lugha ya toni: neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Katika lam, uimbaji wa molam, mahadhi hufuata toni za maneno, hivyo msingi wa muziki umo ndani ya lugha yenyewe. Ukiimba kwa Kiingereza unabaki na khaen inayofuata sauti isiyo na njia. Ndiyo sababu tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa aliyopewa Khamvong Insixiengmai, mwimba lam wa Fresno, mwaka 1991 ilikuwa na uzito mkubwa. Ilitambua elimu inayohitaji mwanafunzi ajue Kilao kwanza, kisha mashairi, kisha kujibizana papo kwa papo.

Vizazi vya karibuni vimeshika njia nyingine. Mshairi Bryan Thao Worra, mzaliwa wa Vientiane mwaka 1973, huwatia naga, yaani majoka, wa Mekong na mizimu ya Kilao katika mashairi ya kubuni ya Kiingereza. Saymoukda Duangphouxay Vongsay huandika tamthilia na vitabu vya watoto kuhusu maisha ya wakimbizi, na Catzie Vilayphonh wa Philadelphia alianzisha mradi wa Laos in the House unaokusanya habari za familia. Filamu ya Thavisouk Phrasavath na Ellen Kuras, The Betrayal ya 2008, ilirekodiwa kwa zaidi ya miaka 20 ikimfuata Thavisouk na mama yake. Katika kazi hizi shujaa mara nyingi ni mzazi aliyevuka mto. Nazihesabu kuwa sehemu ya masimulizi ya Walao kwa haki kamili, ingawa hazijibu swali la nani atairithi lam.

Msaada mwingine umetoka ng'ambo ya pili ya Mekong, katika Isan ya Thailand, ambako wasemaji wa Kilao ni wengi kuliko Laos kwenyewe. Wajuppa Tossa wa Chuo Kikuu cha Mahasarakham alitafsiri visa vya Phadaeng na Nang Ai na vya mfalme chura Phaya Khankhak, na mwaka 2008 alitoa mkusanyiko wa ngano za Lao pamoja na Kongdeuane Nettavong, aliyeiongoza Maktaba ya Taifa ya Laos. Maktaba hiyo, kwa msaada wa Ujerumani, iliendesha kuanzia 1992 mradi uliopitia monasteri zaidi ya 800, ukaorodhesha miswada karibu 86,000 na kupiga picha takriban 12,000. Tangu 2009 picha hizo zimo kwenye intaneti, na mjukuu aliyeko Fresno au Paris anaweza kuzifungua bila malipo. Maandishi mengi humo ni ya herufi za Tham, ambazo wavulana walifundishwa walipoingia utawani na ambazo shule za serikali za Laos hazifundishi.