Jumla Iliyofichwa na Kaisari

Mapema mwaka 1453, Waothmani walipokuwa wakijiandaa kuuzingira Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Kirumi ya Mashariki, Kaisari Konstantino XI Palaiologos aliamuru wanaume wote wa mji wanaoweza kushika silaha waandikwe, watawa wakiwemo. Orodha za mitaa zilikabidhiwa Georgios Sphrantzes, msiri wake wa miaka mingi. Sphrantzes alijifungia nyumbani, akajumlisha, akarudi kwa bwana wake na huzuni: Wagiriki 4,773. Kaisari akamwagiza asimwambie mtu.

Ukuta wa upande wa bara peke yake ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 6.

Ukuta huo ulijengwa katika karne ya 5, dola hiyo ilipokuwa na watu na fedha. Mwaka 1204 Wanamsalaba kutoka Ulaya Magharibi waliupora mji, na haukupata tena nguvu zake. Tauni ikafuata, kisha Waturuki wa Othmani wakameza jimbo baada ya jimbo. Konstantino alipotangazwa kaisari huko Mystras mwaka 1449, alirithi mji wa watu wapatao 50,000, wenye mashamba ndani ya kuta palipokuwa na mitaa, pamoja na vipande vichache vya nchi.

Ufukara huo ulimponza. Orban, fundi wa mizinga kutoka Hungaria, alikuja kwanza kwake kutafuta kazi, lakini hazina haikuweza kumlipa. Akavuka kwa Sultani wa Waothmani, Mehmed II, kijana wa miaka 20 na ushei, aliyemlipa vizuri na kupata mzinga wa kubomoa ukuta wa miaka elfu moja. Ili kupata msaada wa Papa, Konstantino alikubali Kanisa la Mashariki na lile la Roma yaunganishwe, na ibada ya muungano ikafanyika Hagia Sophia Desemba 1452. Raia wengi walisusa. Giovanni Giustiniani wa Genoa alifika na askari 700. Jeshi kubwa halikuja.

Waothmani waliuzingira mji Aprili 6, 1453. Mwezi Mei mabaharia 12 walijivika mavazi ya Kituruki, wakapenya kwa jahazi dogo kuitafuta meli yoyote ya Venisi iliyokuwa njiani kuja kuwaokoa. Hawakuona hata moja. Wangeweza kwenda zao, lakini walirudi kumpa Kaisari habari hiyo, naye akawashukuru huku akilia.

Alfajiri ya Mei 29 Giustiniani alijeruhiwa, watu wake wakavunjika moyo, na Waothmani wakaingia. Konstantino aliuawa siku hiyo. Kaburi lake halijulikani.

Sphrantzes alitekwa, akakombolewa, akazeeka akiwa mtawa katika kisiwa cha Corfu. Huko aliandika kumbukumbu zake, na ndani yake akaitaja ile jumla aliyoambiwa aifiche.