Wangari kule Kansas, 1960: Kazi ya likizo iliyokuja kumwokoa

Wenzangu, msimu wa atachimenti unabisha hodi, na kuna wachache kati yetu waliobahatika kupata nafasi za ng'ambo. Mazungumzo kantini ni viza, tiketi na makoti tu. Sawa, baridi ni baridi. Lakini kuna habari ya zamani ambayo naona itawafaa kuliko koti. Ni ya msichana wa miaka 20 kutoka Ihithe, Nyeri, aliyefika Marekani Septemba 1960. Siku hizo hakuna aliyemwita Profesa Wangari Maathai. Alikuwa Mary Josephine Wangari, na wenzake wa chuo wakafupisha, wakawa wanamwita Mary Jo.

Kwanza tukumbushane alifikaje huko. Kenya ilikuwa bado koloni. Aliyetaka digrii aliangalia Makerere, na nafasi za Makerere zilikuwa za kuhesabu. Ndipo Tom Mboya alipozunguka Marekani akiomba vyuo vitoe nafasi na watu watoe nauli. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Barua ya kuwachangisha Wamarekani pesa ilitiwa sahihi na mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Ati watu husema babake Obama alipanda ndege hiyo. Hapana, yeye alikwenda Hawaii mwaka huohuo wa 1959 kwa njia yake mwenyewe.

Mwaka wa 1960 wanafunzi wakawa wengi, pesa hakuna. Serikali ya Marekani ilikataa kusaidia. Mboya akaenda kumwona seneta John Kennedy, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000. Kumbe Nixon, aliyekuwa akigombea urais dhidi ya Kennedy, naye akahangaika hadi serikali ikageuza nia. Uchaguzi una mambo! Basi Wakenya wapatao 300 wakapata nafasi mwaka huo, Wangari akiwa mmoja wao.

Sasa siku zenyewe za kwanza. New York ilimpokea kwa maghorofa, lifti na ngazi zinazotembea zenyewe. Hayo ni mambo ya kucheka ukiyasimulia nyumbani. Lililofuata halikuwa la kucheka. Kutoka New York, yeye na wenzake walipanda basi kuelekea Kansas, safari ya siku mbili. Walipofika Indiana walishuka kwenye mkahawa kununua kinywaji baridi. Wakaambiwa wanaweza kuuziwa, ila wanywee nje, kwa kuwa ni weusi. Hebu fikiria. Umetoka nchi ambayo Mzungu amekaa juu yako, umevuka bahari ukijua unakwenda nchi ya uhuru, na kabla hujafungua hata sanduku unaambiwa unywee nje. Wakaacha kinywaji, wakarudi kwenye basi.

Chuo chake, Mount St. Scholastica, kilikuwa mji mdogo wa Atchison, ukingoni mwa Mto Missouri, kikiendeshwa na watawa wa Kibenediktini. (Tangu 1971 kiliungana na chuo jirani cha wanaume na kuitwa Benedictine College.) Topeka, mji uliotoa ile kesi maarufu ya 1954 iliyopiga marufuku kutenga wanafunzi kwa rangi katika shule za serikali, hauko mbali na hapo. Ndani ya chuo alipokelewa vizuri. Watawa alikuwa amewazoea tangu shule ya msingi Nyeri na sekondari ya Loreto, Limuru, kwa hiyo upande huo hakuwa mgeni sana. Kilichomshangaza ni kwamba watawa wa huku waliruhusu wasichana wacheze dansi na wavulana! Halafu ikaja miti. Majani yakageuka rangi, yakapukutika yote, naye alikuwa hajawahi kuona jambo hilo.

Akasoma biolojia, na pembeni kemia na Kijerumani. Hicho Kijerumani kishikeni, tutakirudia.

Hapa ndipo penye jambo langu. Likizo moja ya kiangazi alipata kazi katika maabara ya hospitali moja mjini Kansas City, kiasi cha saa moja kwa gari kutoka chuoni. Kazi ya kuandaa tishu. Unachukua kipande kidogo cha nyama ya mwili, unakilowesha dawa kisioze, unakizamisha ndani ya nta, nta ikiganda unakikata vipande vyembamba kupita karatasi, unavibandika kwenye kioo, unavitia rangi, ndipo daktari aviangalie kwa hadubini. Ni kazi ya mikono na subira. Haina jina kubwa. Sisi wengi tungeilalamikia, tuseme tumepelekwa kukata nta badala ya kufundishwa sayansi.

Alihitimu 1964, akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya pili, na huko mikono ileile ikaendelea kukata tishu, safari hii za ndege aina ya kware.

Januari 1966 akarudi nyumbani. Mkononi alikuwa na barua ya kazi, msaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia hapa Nairobi. Alipofika kuripoti akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini kilichomponza ni kabila lake na kuwa mwanamke, na ameyaandika hayo waziwazi katika kitabu chake cha 2006. Digrii mbili za Marekani, na hakuna kazi! Akatafuta, akahangaika, hadi akampata Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo. Hofmann alihitaji mtu anayejua kuandaa tishu za hadubini. Wangari alijua. Mwaka uliofuata akaenda Ujerumani kuendelea na masomo, na kile Kijerumani cha Kansas kikawa na kazi.

Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Idara ileile ya mifugo ndiyo iliyompeleka mashambani kuchunguza kupe, na huko akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo uliomomonyoka kwenye vilima vilivyokatwa miti. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wakapanda miti saba pale Kamukunji.